Hondohondo na Jumba la Ngoma la Fukuto

Paukwa!
Pakawa!
Wakubwa mpo?
Tupo!
Wadogo mpo?
Tupo, hatujasinzia!
Basi sogeeni.

Hapo kale, kale ya mvuke na ukungu, palikuwa na mji wa wanyama ukiitwa Fukuto. Maji ya moto yalichemka chini ya miamba, bwata, bwata, bwata. Korongo wa nchi za mbali walishuka asubuhi, wakaoga, wakakung'uta mabawa. Jua likifika utosini, haoo, wamekwenda.

"Kaeni hata mle cha jioni!" aliwaita Mama Kuchakulo, mwenye nyumba ya wageni.

"Jioni kuna nini?" waliuliza korongo.

Na hao, wakapaa.

Zamani jibu lilikuwepo. Ndani ya mwamba mkubwa palikuwa na jumba la ngoma la tangu enzi za mababu, lenye ngazi za kukalia na kuta za udongo. Kila jioni Bi Zuwena, mke wa Hondohondo, aliimba humo. Wageni walisikiliza, wakala, wakalala. Kisha Bi Zuwena akaugua, akafa.

Mnawajua hondohondo. Jike akiingia tunduni kulalia mayai, dume huziba mlango kwa udongo, adui asimfikie. Huacha upenyo mwembamba wa kumlishia. Basi Hondohondo alipotoka kuzika, hakurudi nyumbani. Alikanda udongo. Akaziba mlango wa jumba la ngoma. Akaacha upenyo. Kila alfajiri alileta zambarau moja, akaipenyeza.

"Zuwena, ni mimi."

Zambarau ikaanguka gizani, pwa. Mjini, nani angemwambia kwamba Zuwena hayumo?

Mwaka ukapita, na mwingine. Majiko yakapoa. Mikeka ikakunjwa. Wengine wakahama. Ngiri, mwenyekiti wa mji, akakoroma: "Huyu mzee wa domo refu anatuzika tungali hai! Niacheni niuvunje ule mlango kwa kichwa."

"Mwamba utakuangukia," akasema Mama Kuchakulo, "na kichwa chako si kigumu kama unavyojisifu. Niachieni mimi."

Akamkuta Hondohondo ameketi mbele ya mlango wake.

"Shemeji."

"Naam."

"Kesho nahama na wanangu. Sina mgeni hata mmoja anayelala. Lifungue jumba."

Hondohondo akaupapasa udongo wa mlango. Kisha akasema, "Nikifungua, itatoka."

"Nini?"

"Sauti yake. Imo humu."

Mama Kuchakulo hakucheka. "Umeisikia?"

"Bado. Lakini imo."

Alfajiri Hondohondo akaja na zambarau yake. Kwenye upenyo palikuwa na jani dogo, jeupe. Akaweka jicho. Mbegu za zambarau zilikuwa zimeota kwa joto la mvuke. Mashina membamba, meupe kama nyuzi, yote yameinamia upenyo. Ya nyuma yamekwisha kukauka. Akatega sikio. Hakuna sauti. Palikuwa na miche tu, inakufa kwa kukosa mwanga.

Akaiweka zambarau chini. Kisha akainua domo.

Ko! Ko! Ko!

Udongo ukaanguka, puu! Mama Kuchakulo, mzigo kichwani, akasikia. Akautua mzigo.

Mji ukaingia kazini. Mchwa wakazoa vumbi, chaka, chaka, chaka. Mnana wakasuka mikeka ya ngazi. Hondohondo akakandika kuta, tonge kwa tonge, kama zilivyokuwa.

"Tubomoe ukuta wa nyuma," akasema Ngiri, "waingie wengi!"

"Ukuta huo ndio unaorudisha sauti. Ukiubomoa, utabaki na shimo kubwa," akasema Hondohondo.

Ngiri akakoroma, akaenda kuchimba ngazi.

Siku ya kufungua, korongo walikuwa wamekwisha kupaa. Makinda ya mnana, yaliyofundishwa na mama zao, yakaanza wimbo wa Bi Zuwena:

Mvuke panda, panda,
mgeni shuka, shuka.

Na kuta zikaitika: shuka, shuka.

Korongo wakageuka angani. "Kuna nini huko?"

"Ngoma ya jioni!" akaita Mama Kuchakulo.

"Leo tu?"

"Na kesho!"

"Basi tutalala."

Loo! Mikeka ikakunjuliwa. Majiko yakawaka. Nyegere akauza asali. Fisi akabeba mizigo ya wageni, na yote ikafika! Waliokuwa wamehama wakasikia, wakarudi mmoja mmoja, wakafungua vibanda.

Asubuhi korongo wakapaa, wakiuimba ule wimbo. Hondohondo akawasikiliza, mpaka wakawa vitone, mpaka wakawa ukungu.

"Imetoka," akasema.

"Imetoka," akaitikia Mama Kuchakulo. "Inakwenda kuwaita wengine. Chumba changu cha nyuma hakina ukuta, shemeji."

Hondohondo akatazama juu mara moja tu. Kisha akaenda kukanda udongo.

Mafunzo ni haya: mji ukilifufua jumba lake la kale, mgeni hupata sababu ya kulala, na mgeni akilala, kila nyumba hupika. Na tulichokipenda hatukitunzi kwa kukifungia gizani.

Hadithi imefika hapa. Nami hapa nimekoma.