Nyumba Isiyo na Alama ya X

Hii nimetumiwa na shangazi yangu asubuhi, na tangu hapo kila nikitazama mawingu naikumbuka. Tafadhali isome mpaka mwisho.

Palikuwa na mtaa mmoja bondeni, kando ya mto. Zamani mto huo ulikuwa wa kuruka tu, hulowani hata kisigino. Siku hizi joto limezidi duniani na misimu imevurugika. Jua linawaka miezi mitano mfululizo, halafu mvua ya mwezi mzima inamwagika kwa siku moja. Mwaka juzi maji yalifika madirishani yakaondoka na watu wawili. Watu walilia, wakazika, kisha wakapaka chokaa kuta zilezile. Binadamu tuna mambo!

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa Bi. Mwanaidi, mjane aliyeishi na mama yake mzazi kwenye nyumba ya mwisho kabisa, konani mwa mto, ambako watu hawapiti. Halmashauri ikampa kazi nzito: apime hatua thelathini kutoka mtoni, na kila nyumba iliyomo aipige X nyekundu. Wenyewe wahamie viwanja vilivyotengwa mlimani, mto uachiwe njia yake, kingoni ipandwe mianzi.

Jumapili akashika kopo la rangi. Nyumba kumi na tisa zikapigwa X. Hakuna aliyehamisha hata kigoda.

Jumatatu redio ikatangaza mvua kubwa kuanzia Alhamisi. Bi. Mwanaidi akaitisha mkutano mchana uleule.

"Ndugu zangu, zimebaki siku tatu. Nawaomba mtoke."

Akasimama Mzee Ligomba, fundi seremala. Nyumba yake ilikuwa na X, na ndani aliishi na wajukuu wanne.

"Mwanangu, nikuulize. Na wewe unakaa hukohuko mtoni. Nyumba yako ina X?"

"Haina, baba."

Mkutano ukalipuka. "Mnaona! Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu!" "Anataka viwanja vyetu awape jamaa zake!"

"Basi twendeni mkaone," akasema.

Wakamfuata kundi zima, wengine wakizomea njia nzima. Walipofika konani, kelele zikakatika.

Nyumba haikuwepo. Ulibaki msingi, na mlango mmoja umeegemezwa kwenye mpapai. Mabati yamepangwa, matofali yamerundikwa. Mama yake, bibi wa miaka themanini na ushee, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anafunga sufuria zake kwenye khanga.

"Alianza kubomoa Ijumaa," bibi akasema huku akifuta machozi. "Nilimsihi aache, hakunisikia. Hapa ndipo nilipomzaa."

"Kwa nini hukutuambia?" akauliza Mzee Ligomba.

"Niliona aibu, baba. Nilijua nikiipiga X tu, nitasema kesho, nitasema keshokutwa, kama kila mtu. Najijua. Basi nikabomoa kwanza, wala sikubakiwa na ukuta wa kupaka rangi."

Mzee Ligomba akageuka akaenda zake, watu wakadhani amekasirika. Haukupita muda wakasikia misumari ikilia: mzee yuko juu ya paa lake mwenyewe, anang'oa bati la kwanza.

Mpaka Jumatano jioni nyumba kumi na saba zilikuwa chini. Watu walibebeana vitanda kupanda mlima, hata waliokuwa hawasalimiani. Wawili waligoma, wakasema watu wa redio ni waongo.

Alhamisi ikanyesha. Jamani, ilinyesha! Wale wawili walitoka na nguo za mwilini tu, wakishukuru kutoka.

Ijumaa asubuhi Mzee Ligomba alisimama mlimani akatazama chini. Mto ulikuwa unapita palepale kilipokuwa kitanda cha wajukuu wake. Akageuka akawahesabu kwa kidole, mmoja mmoja. Akawahesabu tena. Wote wanne walikuwepo, wanakunywa uji.

Funzo: Mvua za siku hizi hazingoji tumalize kubishana. Kiongozi akitaka watu waiachie mito njia yake, nyundo ya kwanza ilie kwake; na sisi tukishaisikia, tusitafute tena kisingizio cha kubaki.