Nakijwa na Mkeka wa Chekechea

Mguu usiotulia hauzibi sikio. Mmeisikia leo, wajukuu zangu, mkauliza imetoka wapi. Methali hii ilizaliwa Usangi, kule milimani, katika darasa la chekechea, na ilianza hivi.

Mwalimu Namkunda aliwapenda watoto wake, lakini alipenda zaidi mkeka uliotulia. Kwake, mtoto alikunja miguu kwanza, akaweka mikono kifuani, ndipo akaruhusiwa kuhesabu vifuniko vya soda. Nakijwa, binti wa miaka mitano, hayo yalimshinda. Wenzake wakifika tatu, yeye keshainuka. Wakifika tano, yuko dirishani, na vifuniko vyao keshavivuruga.

Namkunda alimkanya, akambembeleza, akachoka. Mwishowe akawa anamtoa nje, barazani, na huko mtoto akiruka kamba mpaka kengele. Siku moja mwalimu aliuliza nane ukijumlisha mbili ni ngapi. Darasa zima kimya. Sauti ya barazani ikajibu kumi, na mwalimu akamgombeza kwa utovu wa adabu.

Mwaka ulipoisha alimwambia mama mtu kwamba huyu darasa la kwanza haliwezi, hana kichwa cha shule. Mama hakubisha, nani ambishie mwalimu? Akampeleka binti kwa bibi yake tambarare.

Muhula uliofuata akaingia mdogo wake Nakijwa. Siku ya kwanza tu alihesabu mpaka hamsini bila kukosea. Namkunda akamwuliza nani kamfundisha.

"Dada. Tulikuwa tunaruka kamba, kila tukiruka tunataja namba moja."

"Na yeye alifundishwa na nani?"

"Na wewe, mwalimu. Alisema kule barazani anakusikia vizuri."

Jumamosi ile Namkunda aliteremka tambarare, majuto yamemjaa. Nakijwa alipomwona tu, akakaa chini, akakunja miguu, akaweka mikono kifuani. Bibi akajisifu kwamba fimbo imemnyoosha.

"Nihesabie mpaka kumi, mwanangu," mwalimu akamwambia.

Mtoto akatazama chini. Mwalimu akamsihi ainuke, aruke kama zamani. Hakuinuka, wala hakusema neno.

Namkunda alilia mbele ya bibi yule bila kujificha. Alimrudisha shuleni, ndiyo, lakini ile sauti ya barazani hakuisikia tena. Tangu hapo, kila mzazi aliyemletea mtoto asiyetulia, huku akimwombea radhi, alijibiwa maneno yaleyale: mguu usiotulia hauzibi sikio.