Mtaro Uliopinda Mara Tatu

Hapo zamani, wala si zamani ile ya fisi kusema na sungura, ni zamani ya juzi tu, watu walipokuwa na simu mfukoni na hawana pa kupigia, kulikuwa na kijiji cha mlimani kiitwacho Kiriche. Kaeni vizuri. Anayetaka kusinzia asinzie sasa, maana mwishoni nitauliza, na sitaki kusikia "Bibi, hapo sikuwepo."

Watu wa Kiriche walilima tangawizi. Tangawizi nono, yenye vidole vinene kama vya mtu asiyelima. Waliichimba, wakaibeba, wakaijaza ghala la ushirika, kisha wakakaa kumsubiri dalali. Dalali alipanda na lori lake kila Jumatatu, akashuka, akatazama mbingu, akataja bei, kana kwamba bei huandikwa mawinguni na yeye peke yake ndiye aliyesoma. Wakiguna, aliwasha lori. Wakinyamaza, alipakia. Basi walinyamaza. Watu wenye adabu sana.

Mwenyekiti wa kijiji, Elieneza, akasema dawa ni intaneti. Ikifika ghalani, wanunuzi wa mjini wataiona tangawizi yenyewe wakiwa huko huko, bei itajulikana, na dalali atatafuta mbingu nyingine. Na kweli alihangaika yule bwana. Miaka sita alishuka wilayani kwa miguu na barua, akarudi na ahadi. Akashuka na barua, akarudi na ahadi. Mwaka wa saba wakachoka kumwona, wakampa waya.

Akaja fundi, binti wa mjini aitwaye Adelina. Akawaeleza kwamba waya ule ndani yake una kioo chembamba kama unywele, haufungwi fundo kama kamba ya mbuzi. Umepimwa kutoka barabarani mpaka ghalani, ikaongezwa ziada ya hatua themanini, basi. Ukipungua, wataomba mwingine, na kuomba wanajua wenyewe kunachukua muda gani. Kazi yao ni mtaro. Mtaro mnyoofu.

"Mnyoofu," wakaitikia wote. Kiriche hakuna asiyejua kuitikia.

Ikaitwa msaragambo. Siku ya msaragambo kijiji kizima kinatoka na majembe, kila kaya inachimba kipande kinachopita kwake, na asiyetokea anatoa jogoo. Kengele ya kanisa ikagongwa saa moja asubuhi, wakaanza wote kwa pamoja.

Mzee Mcharo akachimba, akachimba, akafika kwenye kaburi la baba yake. Akapinda. Kaburi lile hakuwa amelipalilia miaka tisa, mbuzi wake walilifanya kitanda. Lakini siku ile alilikumbuka kwa uchungu mwingi. Akalizunguka. Hatua arobaini zikaliwa.

Nakijwa, mjane, akachimba, akachimba, akafika kwenye tangawizi yake. Ilikuwa changa bado, kwa sababu wakati wenzake wanapanda yeye alikuwa anazika mume. Shamba lenyewe limekaa kama ngazi, limeshikwa na ukuta wa mawe. Ukiukata ukuta, mvua ya kwanza inateremsha kila kitu mpaka tambarare. Akapinda. Hatua arobaini zikaliwa.

Mwenyekiti Elieneza akachimba, akachimba, akafika mahali ambapo hapakuwa na kitu. Nyasi tu. Akapinda. Akaupeleka mtaro mpaka mlangoni kwake, akaupitisha mbele ya nyumba, akaurudisha njiani taratibu. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Huyu alivuta na ngoma yenyewe. Alidhani waya ukipita mlangoni, intaneti itachungulia ndani. Hatua arobaini zikaliwa.

Na kila mmoja alijiambia neno lile lile: ziada ni hatua themanini, mimi nimekula arobaini, nimewaachia wenzangu nusu. Watu wa kiasi.

Adelina akalaza waya kufuata mtaro. Alipokuta kona alidhani kuna jabali chini, akazunguka. Mgeni hamuulizi mwenyeji mbona njia yako imepinda. Alipomaliza kupita kwa mwenyekiti, mwenyekiti akamwaga saruji juu ya waya, akajenga baraza, eti usiibiwe. Alhamisi waya ukaisha. Ghala lilikuwa mbele, hatua arobaini, ng'ambo ya kinamasi. Adelina akaishika ncha ya waya kama mtu aliyeshika mkia wa nyoka, akauliza, "Wazee wangu, mnyoofu ndio huu?"

Siku hiyo hakuna aliyeitikia.

Ijumaa wakakutana ghalani, katikati ya magunia. Tangawizi ilikuwa imeanza kuchipua. Mnunuzi wa mjini alikuwa ameahidi kuleta lori lake, ila aione kwanza Jumamosi adhuhuri, yeye akiwa mezani kwake. Asipoiona, anachukua ya kijiji kingine, na Jumatatu anapanda yule msoma mawingu. Mwaka mzima wa migongo ya watu ulikuwa ndani ya magunia yale.

Adelina akasema ziada ingezibeba kona mbili. Ya tatu ndiyo iliyoua. "Nyoosheni moja," akasema. "Yoyote. Kesho saa nne asubuhi niikute."

Ya tatu ni ipi? Walianza kwa kengele moja, wakamaliza pamoja kwa uji mmoja wa msaragambo. Kila mmoja akaapa kwamba ya kwake ilikuwa ya kwanza.

Mzee Mcharo akasimama. "Hawa wenzangu wanatetea vitu vinavyopandwa tena na kujengwa tena. Baba yangu nitampanda tena wapi? Leo mkipitisha jembe kifuani kwake, kesho nani atalala salama kijiji hiki?" Mtu akanong'ona habari za mbuzi. Mzee akasema mbuzi hawachimbi. Lilikuwa jibu zuri, tusimnyime.

Nakijwa hakusimama. Alikuwa amekaa juu ya gunia la mtu mwingine. "Mlisema intaneti inaletwa kwa ajili ya tangawizi. Sasa tangawizi ing'olewe ili intaneti ipite? Ukuta ule aliujenga marehemu, na watoto wanne wanakula kilicho juu yake. Kaburi halina njaa. Baraza halina njaa."

Jirani yake akamgeukia. "Mama Mbonea, malizia basi. Humu ghalani huna hata gunia moja. Dalali akitunyonya Jumatatu, hanyonyi chako."

"Kweli," akasema Nakijwa. "Nilicho nacho ni kile mnachotaka kukikata."

Mwenyekiti akakohoa. "Mimi nilipinda kwa tamaa," akasema, "naisema kabla hamjaisema. Lakini bila miguu yangu kusingekuwa na waya wa kupindwa. Na baraza langu livunjeni, sitalia. Muulizeni tu fundi nyundo itafanya nini."

Adelina akatikisa kichwa. Kwingine mtaro ulikuwa wazi, waya unainuliwa kwa mkono. Kwa mwenyekiti saruji ilikuwa imeganda juu yake. Huenda utoke mzima, huenda kioo kikatike, na kikikatika wamerudi kwenye barua ya kwanza.

Hapo kijiji kikatoa hekima yake. Wenye mashamba ya ngazi wakataka kaburi lichimbwe. Wenye makaburi kando ya njia wakataka baraza livunjwe. Wenye mabaraza wakataka shamba likatwe. Ajabu, hakuna hata mmoja aliyetaka kikatwe kilichofanana na chake.

Wakalala bila uamuzi. Jumamosi saa mbili asubuhi wako njiani wote. Adelina akaweka jembe moja chini, mbele ya wale watatu, akasema zimebaki saa mbili. Watatu wakalitazama jembe lile kwa heshima kubwa.

Sasa nyinyi msiniambie wanyooshe wote watatu. Hilo ni jibu la mtu anayewahi chakula. Moja inatosha, na atakayenyoosha atalipa peke yake, wale wawili wabaki na vyao na kumpa pole. Wala msiniletee fundi. Fundi hana kona. Yupo mwana aliyesahau kaburi miaka tisa, lakini kaburi ni kaburi. Yupo mjane asiye na gunia, na shamba ndilo sahani ya wanawe. Yupo mwenye tamaa aliyewaletea waya, na nyundo yake yaweza kuwanyima wote.

Je, nani alistahili kuliokota jembe lile?