Mikono ya Anayepokea

Fundi mmoja aliyeitwa Hozza alikuwa na wajenzi kumi, wote wenye misuli, na kati yao hakuna aliyejiamini kama Kihiyo. Kazi ya Kihiyo ilikuwa kusimama chini ya ngazi ya mirunda, kupokea karai la zege kutoka kwa wachanganyaji na kulipandisha kwa mwenzake, Shekiondo, aliyesimama katikati ya ngazi. Shekiondo naye humpa aliye juu yake, mpaka zege limfikie msawazishaji. Kihiyo alikuwa na mkono mwepesi ajabu, na hakulificha jambo hilo. Kila jioni aliwakumbusha wenzake kwamba bila yeye wangekuwa bado wanachimba msingi.

Walikuwa wanajenga wodi ya kina mama kwenye zahanati ya mji mmoja wa milimani. Siku ya kumwaga zege la ghorofani, Kihiyo aliyakimbiza makarai kana kwamba anafukuzwa. Shekiondo akazidiwa, karai likamponyoka, zege likawamwagikia wote wawili. Kihiyo akamwita goigoi. Shekiondo akashuka ngazi ili alisikie neno hilo kwa karibu. Waliobaki wakaacha kazi, nusu wakiamulia, nusu wakichochea. Zege likishachanganywa halijali nani kamnunia nani. Lililotangulia likaanza kukauka, na lililofuata halikushikana nalo. Mbao zilipotolewa, ufa ukaonekana pale pale ugomvi ulipotokea, umenyooka kutoka ukuta hadi ukuta. Sakafu yote ikabomolewa kwa nyundo, na waliobomoa ni wale wale waliojenga.

Kamati ya zahanati ikawapa nafasi moja tu zaidi. Hozza akawaambia wazi kwamba ufa wa pili ukitokea, kikosi kinavunjika na kila mtu ashike njia yake. Neno hilo lilimchoma Kihiyo, maana hakuwahi kufanya kazi kwa fundi mwingine, na mkewe alikwisha kulitangazia soko zima kwamba wodi ile anaijenga mumewe. Hata hivyo, moyoni lawama zote alimtupia Shekiondo.

Nondo zikafungwa upya, saruji na kokoto zikaletwa, watu wakakaa mkao wa kuanza. Hapo ndipo Hozza akafanya jambo lililouchekesha mji mzima. Alisimamisha ujenzi siku nzima, akaweka pipa la maji chini na pipa tupu juu, akawaagiza wapandishe maji kwa makarai, mkono kwa mkono. Sharti lilikuwa moja: ukimmwagia mwenzako, mnabadilishana nafasi. Kihiyo aliona huo ni mchezo wa watoto. Alisema, tena bila kupunguza sauti, kwamba mvua zinakaribia na watu wazima wanafundishwa kuteka maji. Akanyanyua karai la kwanza, akalirusha juu kama kawaida yake, na Shekiondo akalowa kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. Wakabadilishana.

Kule katikati ya ngazi mambo yalikuwa mengine kabisa. Unainama kupokea, unainuka kutoa, miguu iko juu ya mrunda mwembamba, na unayempa bado hajageuka. Kila alipomnyanyulia wa juu yake, maji yalimrudia Kihiyo mwenyewe puani, shingoni, hadi ndani ya suruali, na waliokuwa wakipita njiani wakasimama kumtazama. Aliona aibu hasa. Alijua pia kwamba Shekiondo, aliyekuwa sasa chini yake, alikuwa amepata nafasi nzuri ya kulipiza kisasi, basi akajikaza kuingojea dharuba. Karai lililofuata halikuja. Alipotazama chini, Shekiondo alikuwa amelishika tu, ametulia.

"Mimi sitazami karai, kaka," alisema. "Natazama mikono yako. Ikiwa tayari, nalileta."

Kihiyo akaacha kujikaza. Alikunjua mikono, na karai likamfikia taratibu, bila kumwaga hata tone. Akamgeukia wa juu, akaingoja mikono yake, akampa. Basi wakaendelea kumwagiana na kubadilishana mpaka kila mtu akawa amesimama kila mahali: mchanganyaji akayajua maumivu ya ngazi, na msawazishaji akaujua uzito wa chepe. Ilipofika mchana walikuwa wanacheka badala ya kutukanana. Alasiri mmoja akaanzisha wimbo, wengine wakaitikia, na pipa la juu lilipojaa hadi kufurika walishangilia kama watu waliofunga bao.

Kesho yake wakamwaga zege. Ndugu zangu, laiti mngekuwapo! Makarai yalipanda mfululizo, moja halijafika juu na jingine limekwisha shikwa, na wimbo wa jana ndio uliokuwa saa yao. Kihiyo alikuwa amerudi chini ya ngazi, mkono wake mwepesi ule ule, lakini macho yake sasa yalikuwa juu. Mchana mawingu yakaanza kushuka mlimani, meusi, na upepo ukaleta harufu ya mvua. Sakafu ilikuwa imebaki upande mmoja. Kila mtu alijua kwamba mvua ikilikuta zege lile limekatikia njiani, habari ya kikosi imekwisha.

Ndipo mguu wa Shekiondo ukabanwa na msuli. Uso ulimkunjamana, mikono ikashuka kulishika paja, na karai lililofuata lilikuwa tayari mikononi mwa Kihiyo. Zamani angelirusha. Safari hii alimpa mchanganyaji aliyekuwa nyuma yake, akapanda ngazi, akamshika Shekiondo kiuno na kumsaidia kushuka, kisha akasimama mahali pake na kukunjua mikono. Mchanganyaji alikuwa tayari ameshika nafasi ya chini. Aliyebaki kwenye zege akaongeza kasi ya chepe lake. Hakuna aliyetoa amri, hata Hozza. Shekiondo akakaa kitako chini, mguu ameunyoosha, akiwasogezea wachanganyaji makarai matupu, na wimbo haukukatika. Furaha iliyompata Kihiyo pale juu, mgongo ukimuuma na jasho likimwingia machoni, hakuwahi kuipata katika sifa zote alizojimwagia. Karai la mwisho likapanda, likasawazishwa, turubai likavutwa juu yake, na matone makubwa ya kwanza yakaanza kupiga.

Siku mbao zilipotolewa, kamati nzima ilikuja kuutafuta ufa. Wakainama, wakapapasa, wakamulika tochi kwenye kona, wasiuone. Mwenyekiti, mama mmoja asiyesifu ovyo, akauliza ni nani aliyepandisha zege la upande ule wa mwisho, ili ampe mkono wa pongezi. Wajenzi wakatazamana. Kihiyo alitaka kujibu, kwa mazoea, kisha akagundua kwamba hajui amtaje nani, maana kila karai lilipita mikononi mwa wote, na akacheka kwa sauti mpaka wenzake wote wakaambukizwa.

Basi wewe unayesifika kazini kwako kwa wepesi wa mkono, yule anayepokea kutoka kwako, mara ya mwisho uliitazama lini mikono yake?