Kitabu cha Rafu ya Chini

Watu wengi huitaja methali ya cha mvunguni wakidhani inamsema mvivu. La hasha. Mvivu hana shida na mvungu, kwani hakitaki kilichomo. Methali hii humsema mtu anayekitaka kitu kwa moyo wake wote, mwenye macho ya kukiona na mikono ya kukifikia, ila shingo yake ndiyo imekataa kukunjika. Mtu wa namna hiyo alikuwa Jitendra, sonara wa Kingsbury, jijini London.

Jitendra alizaliwa Unguja, akarithi duka la usonara la baba yake. Mapinduzi yalipomtoa kisiwani aliondoka na mkewe Sudha, mizani yake ndogo ya kupimia dhahabu, na majivuno yake. Jirani yake wa huko, Abdulsamad, fundi cherehani ambaye duka lake lilipakana na la usonara, naye alifika London baadaye. Siku walipokutana tena walikumbatiana barabarani huku wakilia bila haya, na tangu hapo wakawa chanda na pete. Walijiunga pamoja na klabu ya kulenga shabaha, wakapata vibali vya bunduki, na mchezo ukawanogea.

Pale klabuni wakongwe walikuwa wakijijazia risasi wenyewe. Waliyachukua maganda yaliyokwisha kufyatuliwa, wakayatia baruti mpya na kuyafunga kwa vichwa vipya. Jitendra alipowaona, mikono ilimwasha. Kazi ya kupima vitu vidogo vidogo, nani wa kumfundisha sonara?

Basi akaenda kutafuta kitabu katika duka la vifaa vya shabaha. Mwenye duka, mzee mmoja aitwaye Harrison, alimuuliza, "Umewahi kujaza?"

"Bado."

"Anza na kile."

Harrison alionyesha rafu ya chini kabisa, karibu na sakafu. Kulikuwa na kitabu chembamba chenye picha ya kuchekesha ya mtu mwenye miwani, na maandishi makubwa yakitangaza kwamba ni cha asiyejua kitu. Vijana wawili walikuwa wamesimama hapo wakichagua glavu. Jitendra alijiona akiinama mbele yao, mtu mzima mwenye mvi, akiokota kitabu kile. Uso ulimpanda moto.

"Hicho ni cha watoto," alisema, akanyoosha mkono rafu ya juu na kushusha kitabu kinene chenye jalada gumu, kilichojaa majedwali.

"Hicho kimeandikwa kwa mtu aliyekwisha kukisoma hiki," Harrison alimwonya. "Chukua vyote viwili."

"Bwana, mimi nimepima dhahabu ya maharusi tangu sijaota ndevu. Kimoja kinatosha."

Nyumbani, Sudha alikifunua, akakifunga. "Baba Nila, haya unayaelewa kweli?"

"Nimezeeka, sikupumbaa," alimjibu kwa ukali asioustahili yule mama wa watu.

Kitabu kile hakikuwa kibaya. Kilieleza vipimo vyote kwa undani. Lakini lile neno la mwanzo kabisa, analopaswa kuambiwa kila mwanafunzi, hakikulisema, kwa kuwa mwandishi alijua kila msomaji wake ameshalisikia kwingine.

Jumapili iliyofuata Jitendra alikaa mezani na mizani yake, maganda yamepangwa mbele yake. Mara akasikia sauti ya Abdulsamad mlangoni.

"Hodi hapa, Jitu!"

"Karibu, sheikh. Mlango huu kwako hauna kufuli."

Kwa watu wa Unguja, mgeni haachwi nje, na fundi hafungi mdomo kwa sababu mikono ina kazi. Katika maduka yao ya zamani hivyo ndivyo walivyofanya kazi, huyu akichoma dhahabu, yule akipiga cherehani, na soga zikienda kutoka mlango hadi mlango. Abdulsamad alivuta kiti, akaanza kisa cha mabibi wawili wa mtaa wa Tooting waliogombania kitambaa kimoja cha harusi hadi kikachanika.

"Wallahi nimewaambia, sasa kila mmoja ashone kanzu ya upande mmoja!"

Jitendra alicheka mpaka machozi yakamtoka. Sudha akaleta chai ya maziwa, wakanywa. Jitendra aliporudisha mkono mezani, alisita. Ganda lililokuwa mbele yake, alikwisha kulitia baruti, au bado? Moyo ulimwambia ayamwage yote aanze upya. Lakini kumwaga kazi mbele ya rafiki ni kukiri kwamba sonara amepotewa na hesabu. Akatia, akafunga, akauliza, "Enhe, na bibi wa pili akasemaje?"

Jumamosi walikwenda klabuni. Jitendra alimkabidhi rafiki yake zile risasi kwa fahari kama anayetoa tunu.

"Mkono wako nauamini kuliko macho yangu," Abdulsamad alisema, akalala chini kulenga.

Za mwanzo zilikwenda salama. Kisha ukasikika mlio usiofanana na mingine, na bunduki ikapasuka kwa baruti iliyotiwa mara mbili. Kipande cha chuma kilimwingia Abdulsamad jicho la kulia. Madaktari walijitahidi, lakini jicho halikupona.

Jitendra alirudi dukani kwa Harrison. Jitendra alipiga goti, akakitoa kitabu chembamba, akakifunua palepale sakafuni. Hata wale vijana wa glavu wangekuwapo, asingewaona.

Akakipeleka kwa Abdulsamad. Mke wa rafiki yake, Bi Kijakazi, alimfungulia mlango bila kuitikia salamu yake, akampisha. Abdulsamad alikuwa amekaa dirishani akijaribu kutunga uzi kwenye sindano, na uzi ukipita pembeni kila mara.

"Umeniletea nini, Jitu? Nisomee."

Jitendra alikifunua, akasoma. "Funga mlango. Usizungumze na mtu. Ukikatizwa, ukaona shaka, mwaga baruti yote uanze upya."

"Ukurasa wa ngapi huo?"

"Wa kwanza."

Abdulsamad aliulainisha uzi kwa ulimi. Kisha akasema taratibu, "Ungeniambia ninyamaze, ningenyamaza."

Hakukuwa na hasira katika maneno hayo, na hilo ndilo lililomvunja Jitendra. Alitamani atukanwe. Sindano ilimponyoka Abdulsamad, ikadunda na kupotea chini ya kochi. Jitendra alipiga magoti, akalaza shavu kwenye zulia na kupapasa gizani, machozi yakimtiririka. Sindano aliipata. Jicho la rafiki yake halikuwa kitu cha kuokotwa tena.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, tena ainame mapema.