Kwa Nini Mawe ya Angani Yamebeba Maji

Tueni sululu, mkae, mpumue. Lakini asiondoke mtu. Nimewasikia mkinong'ona huko shimoni: tumefika kwenye mwamba, hapa hakuna kitu, bora tuhame kama wenzetu. Wiki tatu mnachimba, leo jiwe moja linawakimbiza! Na asubuhi Mbeti alipotuletea habari ya redioni, kwamba wataalamu wamekuta maji ndani ya mawe yanayozunguka huko angani, mlicheka mpaka mkashika mbavu. Nami niliposema ni kweli, mkaniuliza: maji ndani ya jiwe, Bibi Sechelela, uliyasikia wapi hayo? Niliyasikia kwa bibi yangu, na wala hakuwa na redio. Mmenibeba na kiti changu mpaka hapa, basi nisikilizeni.

Hapo kale mbingu haikuwa mbali namna hii. Mawe yote yalikuwa hapa chini, na Jua alikuwa jirani yetu, tena jirani mlafi. Maji yalikaa wazi, na Jua alipita kila siku akanywa chochote alichokiona. Akimaliza bwawa anahamia mtoni, akimaliza mto analamba umande kwenye majani. Asante hasemi. Watu wakajifunza kuchimba mchanga wa korongo, maana Jua hakuwa na jembe.

Waliochimba walikuwa na ada yao. Ukichimba kisima, lazima utakuta jiwe na utalihamisha. Sasa umtoe mtu kwake umwache mikono mitupu? Haiwezekani. Basi kata ya kwanza ya maji ilimwagwa juu ya jiwe lile, ndipo watu wakanywa. Maji yalipotea pale pale. Watoto walipouliza yamekwenda wapi, waliambiwa jiwe limekunywa, na hakuna aliyejua zaidi ya hapo.

Ukaja mwaka ambao mvua ilikataa, na uliofuata ikakataa tena. Ng'ombe wakalala wasiamke. Kijiji kikaamua kuhama, na enzi hizo kuhama kulikuwa na desturi mbaya: asiyeweza kutembea aliachiwa kibuyu kimoja cha maji, wenzake wakaenda zao. Palikuwa na mama mjane, Mamlema, ambaye miguu yake ilikwisha kufa ganzi. Alikuwa na binti mmoja tu, Nyemo. Mkuu wa kijiji, Mzee Chiloleti, alipokuja na kibuyu cha kuagia, Nyemo alikipokea kwa mikono miwili, akamnywesha mama yake papo hapo mpaka tone la mwisho, akamrudishia mzee kibuyu kitupu.

"Nendeni salama, baba. Mimi na mama tunabaki."

"Mwanangu, utakufa naye."

"Nikifa naye, sawa. Lakini kwanza nitachimba."

Akashuka korongoni peke yake. Siku ya kwanza mchanga ulimpa kata tatu za maji. Moja akalimwagia jiwe, mbili akapeleka nyumbani. Siku ya pili akapata mbili, moja tena ikawa ya jiwe. Siku ya tatu alichimba mpaka mikono ikatoka malengelenge, akapata moja tu. Akaibeba kwa mama yake, ambaye midomo yake ilikuwa imepasuka inatoka damu.

Mamlema akaitazama ile kata. "Hii ni ya ngapi?"

"Ni hiyo hiyo moja, mama."

"Basi ni ya kwanza. Ni ya jiwe."

"Mama! Jiwe halina kiu, mwenye kiu ni wewe!"

"Tumelitoa kwake, Nyemo. Mama yangu alimwaga, na mama yake alimwaga, nao miaka yao haikuwa mizuri. Kamwage, mwanangu."

Nyemo akaenda akamwaga. Alilia wakati anamwaga, na sitawaficha, alitukana pia. Alimtukana Jua, akalitukana jiwe, akawatukana hata bibi zake waliozua ada yenyewe. Lakini alimwaga yote.

Siku ya nne mchanga ulikuwa mkavu kama unga. Akachimba tu, akashuka, akashuka, mpaka jembe likagonga mwamba mpana, umeziba shimo zima kama huu wenu. Jua akachungulia kutoka juu, akacheka.

"Dada, nenda zako bwana. Hata mimi nimetafuta humo sikuona kitu."

Loo, hapo ndipo alipomchokoza! Nyemo akainua jembe akaupiga mwamba. Mpini ukakatika. Akaokota jiwe gumu, akapiga kwa mkono. "Nimekupa kata zangu tatu! Nimekupa maji ya mdomoni mwa mama yangu! Leo hutoki hapa bila kunijibu!" Alipiga tangu asubuhi mpaka Jua akawa utosini. Akipiga, anapumzika, anapiga tena.

Mwamba ukapasuka. Na ndani, wanangu, mlikuwa na maji, baridi, mengi, yakibubujika mpaka yakamfika magotini. Hayakuwa kata tatu hayo. Yalikuwa maji ya Nyemo, na ya Mamlema enzi za ujana wake, na ya mama yake Mamlema, na ya kila mtu aliyewahi kuchimba kisima akamwaga kata ya kwanza. Jiwe halikuwa limekunywa hata tone. Lilikuwa linatunza, mahali ambapo Jua hawezi kuona. Akiba haiozi.

Nyemo akachota, na kwa mazoea akaielekeza kata juu ya mwamba. Mwamba ukasema, na inasemekana ndiyo mara pekee jiwe limewahi kusema: "Hiyo ya kwanza, mpelekee mama yako."

Mamlema akanywa. Akanywa tena. Alipopata pumzi aliuliza kama jiwe limepata lake. Nyemo akacheka kwa mara ya kwanza mwaka ule, akatoka nje akapiga vigelegele, na waliohama, ambao hawakuwa wamefika mbali, wakasikia wakageuka. Mzee Chiloleti alitangulia mbele ameinamisha kichwa, na hakuna aliyemsema.

Jua alipojua alivyozungukwa, akawaka. "Kumbe mnanificha!" Akayashukia mawe ayachome yafunguke. Mawe yakakimbia. Mengine yakajizika ardhini, mengine yakapanda juu, Jua nyuma yao, na katika kukimbizana huko mbingu ikasukumwa mbali mpaka hapo mnapoiona. Yaliyokimbilia upande wa Jua yalikaushwa yote. Lakini yaliyokwenda mbali, kwenye baridi asikofika, yalibaki na maji yake. Mwezi naye aliomba amegewe kidogo, akayaficha kwenye mashimo yake yenye giza, pembe ambazo Jua hajawahi kuzichungulia.

Na tangu siku hiyo mawe yanazunguka huko angani, yamefumba midomo, na maji yamo ndani. Wataalamu wamechelewa kidogo, lakini tuwasamehe, wametoka mbali. Na tangu siku hiyo, huku kwetu hakuna anayeachiwa kibuyu cha kuagia. Tukihama, asiyetembea tunambeba. Tusipoweza kumbeba, tunabaki tunachimba.

Miguu yangu mnaiona. Najua kwa nini hamjahama, msidhani mimi mjinga. Sasa inukeni, jamani, Mbeti tangulia, shikeni sululu mshuke. Maji yakitoka, kata ya kwanza mlimwagie jiwe. Likikataa, nileteeni mimi.