Neno Lililomezwa na Zimwi

Kaeni kimya, kisa kinapita.

Biubwa alipenda neno "kipepeo." Akilitamka huku anatwanga, hata kuku huacha kudonoa, na mume wake Makame hutabasamu. Mke mwenzake, Mwanahawa, wivu ukamtafuna. Akaliendea zimwi la kisimani.

"Limeze neno lake!"

"Nitalimeza pamoja na neno ulipendalo wewe."

"Mimi sina!"

Likamuuliza mara tatu, "Nimeze?" Mara tatu akajibu, "Meza!"

Jioni Biubwa akafumbua kinywa, neno lisitoke. Mwanahawa akachekelea. Makame akarudi, akasimama mlangoni amwite Mwanahawa jina lake kwa kulivuta, kama kila siku. Hakulipata.

"Mke wangu, hivi unaitwa nani?"

Mwanahawa akafumbua kinywa amjibu. Hata yeye hakulipata; limemezwa.

Hilo jina la Mwanahawa nimempa mimi, nipate kuwasimulia.